Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Redio Moja Imefufuka

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tulikusudia kufufua redio tatu za valvu, yaani zile za zamani zinazotumia taa za kioo badala ya transista. Tumefufua moja. Ya pili haijaguswa, na ya tatu tumeiunguza, nami ndiye niliyeruhusu iwashwe.

Ilitoka stoo na vumbi lake, hamu ya kuisikia ikatushinda, tukaichomeka. Haukupita muda, moshi ukatoka nyuma. Kapasita za karatasi za zamani, vile vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme, huvuja. Ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho ikivuja, valvu hupitisha umeme kupita kiasi na kuunguza transfoma ya spika. Kapasita yenyewe bei yake haizidi soda. Transfoma ya aina ile tumeitafuta Kariakoo nzima, hatujaipata.

Tangu siku hiyo hatuwashi redio kabla ya kubadilisha kapasita, na mara ya kwanza umeme hupitia kwanza kwenye balbu ya wati 100, ya kizamani, yenye waya ndani. Balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie, kuna shoti, tunachomoa.

Iliyofufuka ni ile ya mwenzetu aliyoirithi kwa babu yake Tanga: ya Kijerumani, ya miaka ya 1950, sanduku la mbao, vitufe vyeupe na jicho la kijani, ile taa inayoonyesha kama stesheni imekamatwa vizuri. Tulibadilisha kapasita moja moja, tukipima kila mara, maana ngozi za waya zilikuwa zinapukutika mkononi. Valvu ya sauti, EL84, ilikuwa imechoka. Mpya bado zinatengenezwa, kwa sababu wapiga gitaa wanazihitaji kwenye vikuza sauti vyao. Jicho limefifia, tumeliacha hivyo hivyo.

Kisha tukakutana na jambo ambalo wengi hawakulitarajia: FM ya redio hii inaishia megahezi 100, na baadhi ya stesheni tunazozisikiliza siku hizi ziko juu ya hapo. Baadhi ya wanachama walipendekeza tutoe valvu zote, tuweke saketi ya kisasa ndani ya sanduku. Nilipinga, na bado napinga. Sauti ile nzito na ya upole, inayochelewa karibu nusu dakika mpaka valvu zipate moto, inatoka kwenye valvu, transfoma na spika ile kubwa. Ukizitoa, umebaki na kabati.

Na hapakuwa na haja. Nyuma kuna tundu la gramafoni ambalo waundaji waliliweka wenyewe. Tumeunganisha hapo kipokezi kidogo cha Bluetooth, chenye chaja yake pembeni. Kipokezi hutoa sauti ya kushoto na ya kulia, redio ina njia moja tu, hivyo kila upande tumeupitisha kwenye rezista yake, kizuizi kidogo cha umeme, kabla ya kukutana. Kuzisokota waya mbili pamoja ni kukitesa kipokezi. Hatukutoboa ubao hata mahali pamoja. Siku ya majaribio tulipiga taarabu ya zamani, halafu vijana wakaweka bongofleva yao, na besi ilijaza chumba.

Onyo moja, nalo naomba lizingatiwe: redio zenye valvu ambazo majina yake huanza na herufi U, kama UL84, kwa kawaida hazina transfoma ya kutenga umeme, na bati lake la ndani linaweza kuwa na umeme wa ukutani. Msiunganishe simu humo. Ile ya pili iliyoko kabatini ni ya aina hiyo. Haitaguswa mpaka tununue transfoma ya kutenga. Na redio yoyote ya valvu, hata ikiwa imechomolewa, kapasita zake kubwa zinaweza kubaki na volti za kuua. Mwaga umeme wake kwa rezista, kisha pima kwa mita.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Ninachoomba mkutano uamue ni kununua transfoma hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Redio ya Tanga itakuwa mezani, imeshawashwa. Njooni na nyimbo zenu kwenye simu.