Watafiti wa uhalifu, tuulizeni kabla ya kuchapa fomu

Mhariri,

Kuna hii tabia ya watafiti kuja Eastleigh, mtaa wetu hapa Nairobi wenye Wasomali wengi, na fomu ishachapwa, maswali yashaamuliwa huko chuoni, alafu sisi kazi yetu ni kuweka tiki tu. Mmoja alipita hapa Section 3 majuzi, kijana mpole hana shida, lakini fomu yake inauliza "umewahi kukamatwa?" na chini ni ndiyo ama hapana. Sasa jirani yangu Msomali aweke nini? Alipandishwa lori la polisi, akaitishwa kitambulisho, akakitoa, akaambiwa ni feki, akatoa kitu kidogo akashushwa mbele kidogo tu na hakuna kitu kiliandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Akiweka ndiyo anaonekana mhalifu, akiweka hapana polisi wanatoka malaika.

Na rekodi za polisi ndizo watu wanabeba kama ushahidi! Aprili 2014 wakati wa Usalama Watch, ule msako wa polisi wa kutafuta magaidi, maelfu walishikwa, wengi wao Wasomali, wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani wakichunguzwa, sasa ukihesabu kushikwa kama uhalifu si utasema Wasomali ndio wakora wa Nairobi? Hiyo hesabu inakuonyesha polisi walienda mtaa gani, basi. Hata enzi za mkoloni mwanaume Mwafrika akipatikana bila kipande, ile kitambulisho ya lazima ya mkoloni, alikuwa anashtakiwa, Mzungu hakubeba kipande, kwa hivyo kwa vitabu vya korti nani alikuwa na makosa mengi?

Du Bois, mtafiti Mmarekani mweusi, alienda Philadelphia 1896 akahamia kule kule watu weusi wanaishi, akagonga mlango kwa mlango akiuliza kazi, kodi ya nyumba, familia, na uhalifu akauangalia pamoja na hayo yote. Na tusiende mbali, Mathare Social Justice Centre, kikundi cha kutetea haki cha mtaa wa Mathare hapa Nairobi, walitoa ripoti 2017 ya watu waliouawa na polisi na waliokusanya ni wakazi wenyewe, watu wanaojua ni mama yupi alizika kijana na anaogopa kusema.

Najua mtu ataandika hapa wiki ijayo kwamba wakazi wanapendelea upande wao. Ndiyo, wanapendelea. Kwani OB inaandikwa na nani?

Kwa hivyo mkija tena leteni maswali kabla hayajachapwa tuyakosoe, na mje na mtu anajua Kisomali vizuri, si kuokota kijana dukani, maana mama anaongea dakika tano na huyo kijana anawaambia "amesema hapana". Na ripoti ikiisha mtuletee nakala, ya Kiswahili.

Mkazi wa Section 3,
Eastleigh, Nairobi