“Fundi, umebonyeza mara tatu tu, elfu sitini ya nini?”

Ujumbe huo uliingia kwenye simu ya duka Jumamosi jioni, kijana wetu akiwa hata hajafika Mwenge akitokea Mbezi. Dada mmoja, mteja mpya, alikuwa amesimama naye dakika za mwisho akimtazama. Alichokiona mwishoni ni hiki: kijana kafungua ukurasa wa ruta, kabonyeza mara tatu, kachomoa waya tundu moja kachomeka tundu la jirani, na kompyuta za nyumba nzima zikaanza kuonana na kupeana mafaili. Dakika kumi. Akaona kapigwa.

Sikumjibu usiku ule kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira na simu havikai mkono mmoja. Namjibu hapa kwa kuwa si wa kwanza. Kila mwezi tunapata wawili watatu wa namna hiyo, na wote wanahesabu dakika za kurekebisha. Za kutafuta hakuna anayezihesabu.

Nyumba yake ina kompyuta tatu. Ya baba ni Windows 11, iko chini, ndiyo yenye picha za familia na nyaraka za kiwanja. Binti ana MacBook, anakaa ghorofani. Mdogo wake dada, mwanafunzi wa chuo, ana kompyuta ya mezani ya zamani ambayo Windows ilikuwa imeshaishinda nguvu, akaiwekea Ubuntu, aina ya Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows. Malalamiko yao yalikuwa mafupi: Windows na Mac hazielewani. Fundi mwingine alishawapa hata dawa, wauze MacBook wanunue Windows kwa wote.

Hilo la kutoelewana tulimalize kabla ya kusonga mbele. Lugha ambayo Windows hutumia kupeana mafaili inaitwa SMB. Apple walikuwa na ya kwao, AFP, lakini tangu toleo la Mavericks la mwaka 2013 Mac yenyewe hutanguliza SMB. Linux nayo huizungumza kupitia Samba, programu aliyoianzisha Andrew Tridgell akiwa Canberra, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hata jina alilipata kwa kupekua orodha ya maneno yenye herufi S, M na B ndani yake. Kwa hiyo mashine hizi tatu zinasikilizana miaka zaidi ya kumi sasa. Fundi anayekwambia ununue zote za aina moja, ama hajui kazi, ama anayo moja dukani anatafuta wa kumwuzia.

Sasa twende Mbezi. Kijana alianza na kitu ambacho tunaanza nacho kila nyumba: kuandika anwani ya IP ya kila mashine, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, kwenye karatasi. Ya baba ilianza na 192.168.1, ya Ubuntu vilevile, ya binti ikaanza na 192.168.0. Kwa jicho la haraka ni tofauti ya tarakimu moja. Kwa fundi ni kwamba binti anaishi mtaa mwingine kabisa, japo ni juu ya kichwa cha baba yake.

Baada ya hapo akajaribu njia zote mbili. MacBook ikiandikiwa anwani ya kompyuta ya baba inafungua folda bila shida. Ya baba ikiandikiwa anwani ya MacBook, kimya. Na kwenye orodha ya majirani hakuna anayemwona mwenzake. Ukikuta dalili ya huku inapita kule haipiti, acha kulaumu Apple na Microsoft, kafuate nyaya. Akafuata. Nyuma ya kabati la juu akakuta ruta ya pili, iliyonunuliwa Kariakoo mwaka jana kwa sababu waifai ya chini haipenyi zege, na waya unaotoka chini umechomekwa kwenye tundu la WAN, lile la kupokelea intaneti kutoka nje. Ukichomeka hapo, ruta ya juu inajenga mtandao wake nyuma ya ukuta wake. Wa ndani anaweza kutoka, wa nje haoni ndani. Intaneti inafanya kazi vizuri kabisa, ndiyo maana hakuna aliyeishuku.

Dawa: kuipa ruta ya juu anwani isiyogongana na ya chini, kuizima isigawe anwani, na kuhamisha waya kutoka WAN kwenda tundu la kawaida. Ndiyo mibonyezo mitatu hiyo. Kabla yake kulikuwa na saa moja na nusu ya kupanda na kushuka ngazi, na dada alikuwa jikoni.

Halafu ikabaki Ubuntu, ambayo kosa lake lilikuwa lingine. Mwanafunzi alishea folda vizuri, lakini kila akiulizwa nenosiri aliandika lile analofungulia kompyuta, na kila mara anakataliwa. Samba ina daftari lake la manenosiri, tofauti na la kompyuta. Usipomwandikisha mtu kwenye daftari hilo kwa amri ya smbpasswd, utaandika nenosiri sahihi mpaka kesho. Alikuwa amehangaika wiki mbili, na mwanafunzi huyo anasoma mambo ya kompyuta. Sisemi kwa kumcheka, hata mimi liliwahi kunilaza macho.

Windows nayo ina mtego wake wa aina hiyo. Kuna mwalimu mstaafu kule Tabata alinipigia akiwa ameshakata tamaa: “Mwanangu, namba ndiyo hiihii ninayofungulia kila siku, mbona Mac ya mjukuu inaikataa?” Namba yake ilikuwa PIN ya tarakimu nne. PIN ya Windows ni ya mashine ile tu, haivuki nje. Anayegonga mlango kupitia mtandao anaulizwa nenosiri lenyewe la akaunti, na mzee aliliandika mara moja tu siku aliponunuliwa laptopu, hakulitumia tena. Wengine huamua kuondoa nenosiri kabisa ili mambo yawe rahisi, na hapo ndipo wanapojifungia nje, maana Windows kwa kawaida hairuhusu akaunti isiyo na nenosiri kuingilia kwa mtandao. Tulichomfanyia mzee ndicho tunachofanya kila nyumba: akaunti ndogo ya pembeni, kazi yake ni kufungulia mafaili basi, ina nenosiri lake, na tunaliandika kwenye karatasi inayobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Ndiyo, karatasi. Mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua kabati lako.

Njia ya mkato ndiyo inanifanya niandike kirefu hivi. Inaanzia kwenye video. Mtu anaonyeshwa azime fayawoli, yaani mlinzi wa kompyuta dhidi ya wanaoingia kwa mtandao, aondoe nenosiri, ashee diski nzima kwa kila mtu na ruhusa zote, na kama bado inagoma arudishe SMB ya kwanza, toleo la enzi za 1980. Na kweli inafanya kazi. Ukivunja milango yote ya nyumba hakuna mgeni atakayekwama nje.

Mpiga picha mmoja wa harusi, anafanyia kazi nyumbani kwake Kimara, alifanya hayo yote kwa mpangilio huohuo. Alikuwa na kasha la zamani la kuhifadhia picha lisilojua zaidi ya SMB ya kwanza, na tulikuwa tumemwambia lishafika mwisho wake. Akapita dukani kutuonyesha kwenye simu jinsi alivyofanikiwa bila sisi. Tukampongeza. Miezi minne baadaye msaidizi wake akashusha programu ya kuhariri picha ya wizi, na ndani yake kulikuwa na virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia. Virusi vilifunga kila kitu ambacho laptopu ya msaidizi ilikuwa na ruhusa ya kuandikia. Kwa kuwa diski nzima ya bosi ilikuwa wazi kwa kila mtu, ikafungwa nayo. Kasha la zamani vilevile. Diski ya nakala, iliyokuwa imechomekwa usiku na mchana, nayo. Harusi mbili na kitchen party moja. Harusi ya karibuni tuliiokoa kwenye kadi za kamera kwa sababu alikuwa hajazifuta. Harusi nyingine haikupatikana, na mazungumzo yake na bibi harusi sikuyataka kuyasikia. Kusafisha mashine na kupanga upya kulimgharimu 280,000 kwetu peke yetu.

Kwa haki, si SMB ya kwanza iliyomponza siku ile, ni ruhusa. Lakini msidhani tunaikataa kwa kiburi. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilizunguka dunia kwa kupitia tundu lililokuwa kwenye SMB hiyo, hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa, na hapo Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, tangu Machi. Mwishoni mwa mwaka huohuo wakaacha kuiweka kwenye Windows 10 mpya. Anayekuja kwako akairudisha bila kukuambia, mwulize anairudisha kwa nini.

Kuna njia nyingine ya mkato, ya mafundi wa bei chee: kukuandikia anwani ya kompyuta kwenye aikoni ya mezani na kuondoka. Wiki ya kwanza raha. Umeme ukikatika usiku na kurudi, ruta inaamka na kugawa anwani upya, na aikoni yako ambayo jana ilienda kwa baba leo inagonga mlango wa televisheni. Kuna nyumba Sinza ilikuwa ikienda kwenye printa. Mteja anasema mtandao umeharibika tena. Haujaharibika, ila hukutengewa anwani ya kudumu kwenye ruta, kazi ya dakika tano ambayo haionekani kwa macho ndiyo maana wengi wanairuka.

Na kuna wale wanaosema “kabla hujaja ilikuwa nzima”. Mara nyingi ni sasisho. Windows 11 toleo la 24H2, lililoanza kusambazwa Oktoba 2024, limekaza masharti, hasa kwenye Pro: linakataa kuingia kama mgeni asiye na nenosiri. Flashi iliyochomekwa nyuma ya ruta ikasheawa bila nenosiri, iliyofanya kazi miaka mitatu, siku moja inagoma. Si sisi. Iwekee jina na nenosiri kama ruta inaruhusu, mara nyingi itafunguka.

Basi tubebe na flashi, wengine husema. Sawa, ila kila flashi ina mpangilio wake wa ndani: ule wa Windows uitwao NTFS Mac inausoma na haiuandikii, na ule wa zamani uitwao FAT32 haupokei faili linalozidi GB 4, yaani video ya harusi imeshakukwamia mlangoni. Ifomati kwa exFAT, mpangilio ambao zote mbili zinausoma na kuuandikia, baada ya kutoa vilivyomo. Hilo nimekupa bure.

Na mengine ya bure, ujaribu kabla ya kutupigia. Angalia anwani ya kila mashine. Kwenye nyumba ya kawaida, sehemu tatu za mwanzo zisipolingana, umeshapata mchawi. Ikianza na 169.254 mashine hiyo haikupewa anwani kabisa, angalia waya au ruta. Hakikisha hakuna aliyejiunga na waifai ya wageni, maana ile imetengenezwa wasionane. Kwenye Windows, mtandao wa nyumbani uwe umewekwa Private. Ukiwa Public kompyuta inajificha, ndivyo inavyopaswa. Kwenye Mac, kuwasha kushea mafaili hakutoshi, kuna kisanduku cha kumruhusu kila mtumiaji wa Windows kwa jina, kimefichwa ndani ya vipengele vya ziada. Na usihukumu kwa ping, amri ya kupima kama mashine inajibu, maana Windows inaweza isiijibu hata ikiwa nzima.

Kuhusu bei. Elfu sitini ni mpaka kompyuta nne na ruta mbili, na nauli ya ndani ya jiji tunabeba sisi. Tatizo lilelile likirudi ndani ya mwezi mmoja tunarudi bila malipo, na tumesharudi. Hatufanyi kazi hii kwa kuingia kompyuta yako tukiwa dukani, ingawa ingekuwa nafuu kwa wote, kwa sababu unapogusa ruta unajikata mwenyewe katikati ya kazi. Tukija tukakuta ni kisanduku kimoja hakikutiwa tiki, tunatoza elfu ishirini na tunasema wazi kilikuwa nini. Kabla hatujaja, tupigie picha mgongo wa kila ruta, matundu na rangi zake zionekane. Dada wa Mbezi angetutumia picha ya ruta ya kabatini, kijana angejua kosa akiwa bado kwenye daladala.

Tulimtumia karatasi ya kijana ilivyo, na anwani zake na mishale ya kupanda na kushuka. Jumatatu akajibu: “Sawa nimeelewa. Na printa je, mbona MacBook haiioni?”

Kesho saa nne tunafika, dada. Elfu ishirini.