Darasa la simu moja

Muheza, Tanga

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, machungwa yameiva na malori ya Dar yameshaanza kupanga foleni.

Ujumbe wako kuhusu darasa la mtandaoni nimeusikiliza wote. Unataka kila mama apate somo kwenye simu yake, asome nyumbani kwa wakati wake. Nakwambia kwa mapenzi: hapa halitatufaa. Wanakisomo wangu, hawa mama ninaowafundisha kusoma na kuandika, wengi wana vitochi, simu ndogo za kubofya. Simujanja ya nyumbani ni ya baba watoto, naye huondoka nayo asubuhi. Na mwenye yake, bando likikata ndiyo basi, hela ya unga kwanza.

Lakini usidhani tumelala. Jioni tunakaa barazani, simu moja katikati, tunasikiliza somo, naisimamisha, wanabishana mpaka naogopa majirani. Juzi bibi mmoja mchuma machungwa alikuwa anajifunza kuandika jina lake. Ncha za vidole zimekakamaa, akigusa herufi kioo hakiitiki. Akakunja kidole, akagonga kwa kifundo. Herufi ikatokea! Vigelegele vikapigwa, na sasa hata wenye vidole laini wanagonga kwa kifundo.

Unakumbuka mama zetu walivyokuwa wakisimulia Mtu ni Afya? Ile kampeni ya afya ya mwaka 1973, Radio Tanzania. Redio zenyewe zilikuwa chache. Watu walikaa kwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyefundishwa na kitabu mkononi. Kipindi kikiisha wanajadili, kisha wanakubaliana la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba, kufukia madimbwi. Walishiriki watu wapatao milioni 2. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja, shoga. Kile kikao cha baada ya kipindi ndicho ninachokitaka mimi, simu iwe kisingizio tu cha kukutana.

Kwa hiyo ile hela ambayo ingeenda kwenye bando la darasa lako, ninunulie spika ndogo ya kuchaji kwa jua na memori kadi. Nijazie masomo ya sauti, uanze na hesabu za matenga na bei, maana msimu huu wanunuzi wanahesabu wao, wanajumlisha wao, na mama zetu wanapokea tu. Soma mwenyewe, taratibu, kwa Kiswahili cha kwetu, si cha taarifa ya habari. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitampokea stendi.

Wasalimie watoto.

Shoga yako