Mwanangu, NS usiiuze, ongeza ya pili

Marahaba baba. Voisi yako nimeisikiliza yote, zile dakika za kelele za Kariakoo nazo nimezivumilia. Nimeelewa unataka uuze pikipiki yako, Pulsar NS200, uongezee hela uchukue lile dubwana la BMW, GS 1250, halafu uje nalo huku Matamba na Kitulo. Mi nasema hapana. NS ibaki, ndo ya lami na mizunguko yako ya Dar, haijakukosea kitu. Ongeza ya pili ya vumbi, na hiyo ya pili iwe NYEPESI.

Hiyo GS ikijazwa mafuta ina kilo 249, hapo hujafunga begi hata moja. Kwenye lami raha, sibishi. Sasa ipandishe Hamsini na Saba, ile ya kona 57 kutoka Chimala kuja Matamba, barabara ambayo we umeipita miaka yote umelala kwenye gari, kona zimekunjana, mawe yako nje, lori la viazi linashuka, unapunguza mpaka karibu unasimama, unashusha mguu upande wa bondeni na ardhi haipo pale ulipoitegemea, chuma kinalala. Kuanguka kwa mwendo ule sio kesi, kesi ni nani atakunyanyulia.

Mi enzi za ubibi shamba nilipewa Yamaha AG100, cc mia tu, injini ya tustroku. Mngeicheka nyie. Lakini cheni imefunikwa yote tope haliigusi, sitendi kulia na kushoto so ukisimama kwenye mteremko unachagua upande, keria mbele na nyuma. Aliyeichora alijua shamba ni nini. Ubaya wake ni kushuka, tustroku ukiachia mafuta haikushiki, mzigo wote unabaki kwenye breki za ngoma, ukifika kona za chini unabana breki inaingia tu mpaka mwisho na harufu juu, tunapaki zipoe ndo tuendelee. Za siku hizi fostroku unaweka gia ya kwanza au ya pili inakushikilia yenyewe, usishuke na klachi umeibana!!

Sasa ipi. Hela ikitosha chukua Honda CRF300L, kilo 142, unaiinua mwenyewe hata umechoka. Tairi la mbele inchi 21 nyuma 18, tairi kubwa linapita juu ya jiwe na shimo ambalo la inchi 17 la NS lingedumbukia, na rimu ni za spoku, zikipinda fundi ananyoosha, sportirimu, za kumwaga kama za NS, ikipasuka imepasuka. Kiti kiko juu sentimita 88 ila urefu umerithi kwa baba yako huna shida. Shida ni tenki, lita 7.8 tu, so kidumu cha akiba lazima, huko mbele mafuta ni ya chupa na huwezi jua yamechanganywa na nini. Hela isipotosha chukua Honda XR150L bila aibu, tenki lita 12, kabureta, kiki ipo betri ikifa, watu wa miradi wanazo huku kwa hiyo spea na mafundi wapo. Juu Kitulo mita 2,600 itapumua kwa tabu, injini inapoteza kama asilimia kumi ya nguvu kila mita elfu unayopanda, lakini itafika. Royal Enfield Himalayan 411 ni nzuri, tenki lita 15, ila inagusa kilo 200 tunarudi kulekule.

Tairi funga kashata, zile za meno makubwa. Upepo punguza kidogo ukiacha lami, usishushe hovyo, tairi linazunguka kwenye rimu tyubu inavutwa valvu inang'oka, na hilo tundu huzibi kwa kiraka.

Najua unataka kuja Desemba sababu ya maua ya Kitulo, kweli ndo msimu wake ila ndo mvua na ule udongo mwekundu ukilowa hausimamishi hata mguu. Safari ya kwanza njoo Agosti au Septemba, kavu, baridi tu. Maua utayaona ukishazoea pikipiki.

Mbao nikiuza nakuchangia tairi na kile kibati cha kukinga injini chini. Helmeti na mabuti nunua mwenyewe, za kweli sio za maonyesho. Baba yako anauliza mtu mmoja pikipiki mbili za nini, nimemuuliza yeye majembe manne ya nini, kanyamaza. Ukipata bei za XR nitumie kabla hujaongea na dalali yeyote.

Mama