Barua kwa mpwa wangu: lile jibu langu kuhusu jezi namba 42

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Juzi uliponipigia kuuliza kwa nini wachezaji wote wa besiboli huvaa namba 42 kila tarehe 15 Aprili, nilikuwa kituoni nasubiri treni, nikakujibu mbio mbio kwamba ni kumbukumbu ya Jackie Robinson, mtu mweusi wa kwanza kucheza na Wazungu. Tangu siku hiyo jibu langu linanikereketa. Robinson hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa kwanza kurudi.

Unajua naishi Jersey City na kibarua changu kiko Newark. Treni inavuka mto Hackensack, kisha Passaic, umeshafika. Mwaka 1887 Newark ulikuwa mji wa viwanda vya ngozi na bia, na timu yake iliitwa Little Giants. Haikuwa kwenye ligi kuu. Ilicheza Ligi ya Kimataifa, iliyokuwa na timu za Marekani na Kanada. Ndani ya timu hiyo walikuwamo George Stovey, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Williamsport, Pennsylvania, na Moses Fleetwood Walker, mdakaji. Ndiyo jozi ya kwanza inayojulikana ya mrushaji na mdakaji weusi katika ligi ya kulipwa yenye wachezaji wa rangi zote. Msimu ule Stovey alishinda mechi zaidi ya 30.

Hapa kwa Walker nikuweke kidogo. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, akimpa mrushaji ishara kwa vidole: sasa tupa hivi, sasa tupa vile. Akijua mpira unakuja vipi, mkono wake unautangulia. Zama zile glovu nene za leo hazikuwapo. Watu walidaka kwa viganja vitupu au kwa glovu nyembamba ya ngozi, na vidole vilivunjika. Mwaka 1884 Walker alikuwa Toledo, na Toledo wakati huo ilikuwa ligi kuu, miaka 63 kabla ya Robinson kuvaa jezi ya Brooklyn, timu yake ya ligi kuu. Mrushaji wao, Tony Mullane, hakutaka kupokea ishara ya mtu mweusi, akawa anatupa anavyotaka. Miaka mingi baadaye alikiri mwenyewe, na akakiri pia kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliofanya nao kazi. Hebu fikiri: mpira mgumu unakujia kwa kasi, hujui utapinda wapi, na anayekutupia ni mwenzako wa timu moja. Ndiyo maana Newark inanigusa. Pale Walker alichuchumaa mbele ya Stovey.

Tarehe 14 Julai 1887, Chicago, timu kubwa kabisa ya enzi hizo, ilikuja Newark kwa mechi ya kirafiki. Watu walimsubiri Stovey. Nahodha wa Chicago, Cap Anson, alikuwa na msimamo wake wa siku nyingi: hachezi na weusi. Miaka minne nyuma, kule Toledo, alitaka Walker aondolewe uwanjani. Kocha Charlie Morton akakataa, na Anson akacheza kwa shingo upande kwa kuogopa kukosa mapato ya mlangoni. Safari hii Newark walilegea. Stovey hakurusha, Walker hakudaka, na magazeti yakaandika kwamba Stovey alijisikia mgonjwa.

Siku hiyo hiyo, mjini Buffalo, viongozi wa ligi walikaa kikao wakapiga kura, 6 kwa 4, kwamba wasiidhinishe tena mikataba mipya ya wachezaji weusi. Waliokuwamo waliachwa wamalizie.

Msimu ulipokwisha Toronto ilichukua ubingwa, na Stovey na Walker wakaondoka. Mwaka 1888 Newark yenyewe haikuwamo tena katika ligi hiyo. Walker alihamia Syracuse, akacheza hadi Agosti 1889. Baada yake mlango wa ligi hiyo ukafungwa kabisa.

Nimeamua kukuandikia barua hii hadharani kwa sababu ya mdogo wa Fleetwood Walker, Weldy, ambaye naye aliandika ya kwake. Machi 1888, baada ya ligi nyingine ya Ohio kuwafungia weusi, alimwandikia rais wa ligi hiyo barua iliyochapishwa katika gazeti la Sporting Life. Alisema mchezaji azuiwe kwa kukosa uwezo, adabu au akili, si kwa rangi. Kama sheria hiyo haifutwi, akasema, basi wapitishe na nyingine ya kumshitaki mtu mweusi yeyote atakayeonekana kiwanjani. Yaani kama hamtutaki uwanjani, kwa nini mnazitaka hela zetu za kiingilio? Baadaye ndugu hao wawili waliendesha gazeti walilolipa jina la Ikweta, na mwaka 1908 Fleetwood akachapisha kijitabu akiwashauri weusi wa Marekani warudi Afrika.

Sasa sikia. Tarehe 18 Aprili 1946 Robinson alicheza mechi yake ya kwanza katika mfumo ule wa timu za Wazungu, akiwa na Montreal Royals, katika Ligi ya Kimataifa ile ile. Alipiga mpira ukatoka nje ya uwanja, timu yake ikashinda 14 kwa 1. Mechi ilichezwa hapa hapa Jersey City, mji ambao Stovey aliurushia mwaka 1886 kabla ya kuhamia Newark. Stovey alikuwa amefariki miaka kumi nyuma. Anson aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la besiboli mwaka 1939. Stovey hayumo hadi leo.

Wenzako shuleni wakiuliza habari ya 42, waambie yote mawili: habari ya Robinson na ya waliomtangulia. Mama yako msalimie sana, mwambie Jumapili nitapiga mimi, tena nikiwa nimekaa.

Mjomba wako,
Jersey City