Kaka, sahihi uliniachia wewe mwenyewe

Kaka, meseji zangu unazisoma tiki zinageuka bluu halafu kimya, basi nimeamua kuandika huku. Wengine wakisoma poa tu, wengi walikuwepo usiku ule.

Kwanza hongera ya harusi. Mama mkubwa alinipigia mpaka salio likamwishia katikati ya vigelegele. Mchango nimeshatuma, na ile kadi ya grafiki uliyonitumia ndani ya mzigo wake bado inapiga kazi, kila nikiwasha kompyuta nakuombea dua, hata sasa hivi nilivyokasirika.

Ila tuongee kuhusu kanuni za kikosi chetu cha Arma 3, huu mchezo wa vita wa kompyuta. Ulipopata kazi Muscat ukaanza zamu za usiku, wewe ndo uliniambia shika hiki kitabu cha kanuni, marekebisho yote pitisha wewe, isipokuwa vyeo na kumfungia mtu, hivyo viwili vibaki kwangu. Ukaandika ukurasa wa kwanza kabisa kwamba nikiidhinisha mimi ni sawa na umeidhinisha wewe. Nani alikulazimisha? Si wewe uliyekuwa unawapa makuruta stori ya wale jamaa wawili wa kampuni iliyotengeneza Arma 3, walikamatwa Lemnos kule Ugiriki mwaka 2012, kisiwa hichohicho walichokigeuza ramani ya Altis tunayopigania kila Jumamosi, wakatuhumiwa ujasusi kisa picha, wakasota ndani siku 129 ndo wakatoka kwa dhamana. Ukimaliza unawaambia ndo maana kwetu ruhusa ni maandishi. Sasa mimi maandishi si nilikuwa nayo?

Na kanuni yenyewe ilikuwa ya redio tu jamani. Kila askari mchezoni alikuwa anatembea na 152, ile redio inayofika mbali, wote wamejazana kwenye masafa ya makamanda, seksheni ya pili inaomba mizinga huku mtu anauliza chaja yangu nani kachukua, na jogoo wa jirani yake tunamsikia. Nikaandika askari wa kawaida abaki na 343, ile redio ya karibu ya kuongea na seksheni yake, 152 iwe ya kiongozi, msaidizi wake na mediki. Nikaiacha wiki nzima watu watoe maoni, hakuna aliyepinga, nikasaini.

Halafu Jumamosi ile. Tumeshateka uwanja wa ndege, saa tano usiku kwetu, kwako saa sita, watu wote wako TeamSpeak, ile programu tunayoongelea, tunafanya tathmini na kwa mara ya kwanza redio ilikuwa safi, wenyewe wanasifia. Ukaingia. Salamu hakuna. Ukasema 152 zinarudi kwa wote, hiyo kanuni haijapita kwangu. Nikafungua mdomo nieleze, ukanikata, "Koplo, nimemaliza." Koplo! Mimi, tuliyelala kitanda kimoja Tandika kwa bibi, unaniita cheo mbele ya watu wa Mombasa na Nairobi, na kuna mmoja akacheka hajazima maiki, hicho kicheko nakisikia mpaka leo.

Tena tunajua wote nani alikulalamikia. Yule rafiki yako anayependa kusikika.

Nakushauri kama mdogo wako, ukishamkasimu mtu madaraka muache afanye, akikosea mwite pembeni, ibatilishe kwa maandishi kama yeye alivyoipitisha kwa maandishi. Mbona mimi mipaka yako niliiheshimu? Vyeo sikugusa. Yule aliyelipua lori letu makusudi sikumfungia, nilikusubiri, ukajibu wakati ameshaondoka mwenyewe. Ningetaka kujifanya kamanda nafasi nilikuwa nayo, wewe huonekani, seva nalipia mimi mwezi ukikupita, nikalala saa nane nikipanga modi, zile nyongeza za mchezo, ili wenye bando dogo nao waingie. Sijataka asante. Nilitaka sahihi yangu iwe na maana.

Sasa hivi hakuna anayeniletea rasimu. Wanakutumia wewe, wewe uko zamu, kanuni ya mediki imekwama tangu Ramadhani, na lawama nazipokea mimi kwa sababu jina langu bado liko ukurasa wa kwanza. Ama ulitoe, ama uandike tena kwamba ninachopitisha kimepita.

Halafu kamati ya harusi imenipa usafiri. Magari nishayapanga, lako liko mbele. Kama kuna gari hulitaki nipigie wiki hii, usije ukanibadilishia mbele ya wakwe.