Barua ya kufunga muhula: bustani, uji na lile jambo la viroba

Wazazi na walezi, asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na poleni na joto.

Tunafunga Ijumaa, kufungua Januari, ripoti chukueni kwa walimu wa darasa.

Sasa bustani. Mnaopita pale bustani ya umma Mikindani mmeona wenyewe, ila wengine mnapita kwenye bodaboda macho yako kwenye simu, kwahiyo ngoja niwaambie. Watoto wenu wa la tano na la sita ndo wamelifufua lile eneo, wamepanda bogenvilia, haibiskasi, asumini na LAVENDA. Tuliambiwa lavenda haiwezi pwani, kwao ni vilima vikavu vya Mediterania, mizizi ikikaa kwenye maji tu imeoza. Watoto wakainua matuta, wakachanganya mchanga na vifusi vya kuta za zamani za mawe ya matumbawe, maana inapenda chokaa na udongo usiotuamisha maji, wakamwagilia kwa kubania tena asubuhi tu. Kuna miche imekufa, mingi imesimama na imetoa maua. Siku walipokuja wageni wa manispaa mmoja akawa anasifia maua ya bogenvilia, binti wa la tano akamwambia shikamoo mheshimiwa, hayo ya pinki ni majani, ua ni hicho kidude cheupe hapo katikati. Mheshimiwa akainama kuangalia! Wazazi wa yule binti hawakuwepo, walikuwa korosho.

Na hizo korosho tuziongelee. Tangu Oktoba madarasa yana mapengo, mtoto yuko shamba anaokota. Hela ya uji mkasema mwalimu subiri mnada. Minada imepita, malipo yameingia, tunaona mabati mapya na pikipiki mpya, hongereni, ila hela ya uji bado haijafika na mpishi anatudai.

Lililoniuma zaidi ni la Jumamosi. Watoto wetu wamekutwa jioni bustanini na visu na viroba, wanakata maua ya kupambia harusi, na nilipowauliza wakasema wametumwa. Wametumwa na nani? Na watu wazima, wengine ni wajumbe wa kamati ya shule, majina ninayo, siyaandiki hapa kwa sababu nina adabu. Mtoto anamwagilia mche tangu kiangazi halafu nyumbani anapewa kisu akaukate, hapo mimi nitamfundisha nini? Bogenvilia itachipua, hata sina wasiwasi nayo. Lavenda hapana, ile ukiikata mpaka chini kwenye mti mkavu haichipui tena, inapunguzwa juu juu kwenye majani mabichi baada ya kuchanua, na hilo watoto wanalijua vizuri maana tumewafundisha, walikata vile kwa sababu waliambiwa wafanye haraka.

Watoto sijawachapa. Waliowatuma nawasubiri Jumatatu saa moja asubuhi palepale bustanini, mje na majembe, na ile hela ya uji mje nayo.

Mwalimu Mkuu